Kwa Nini Alisimama Saa Mbili

Jumapili, Novemba inaelekea ukingoni. Saa nne asubuhi. Mvua ilianza alfajiri na hadi sasa inadondoka kwenye mabati kama mtu anayepepeta mchele. Old Kampala imepoa. Mke wangu yuko jikoni anapika katogo, na harufu ya ndizi na vitunguu imenifuata mpaka hapa nilipokaa. Nina furaha. Naiandika kwanza, kabla ya mambo mengine yote, isije ikapotea katikati.

Hii ni wiki ya saba ya ndoa yetu. Bado nikiamka nikaona khanga yake imetundikwa msumari mmoja na shati langu, moyo unaruka. Bado nikifunga kazi jioni napanda kilima hiki nusu natembea nusu nakimbia. Waswa, fundi mwenzangu ambaye tunagawana naye meza ya kutengeneza simu, anasema nimelogwa. "Wewe Mkenya hapana kula lanchi siku hizi," anasema. "Unashiba mapenzi, ssebo!" Namwacha aseme. Ni kweli.

Mnaosoma shajara hii ya mtandaoni tangu zamani mtaona kitu kimebadilika. Maandiko yote ya tangu harusi hayapo. Picha hazipo. Na jina la mke wangu, nililokuwa nikiliandika kila mstari wa pili kama mtoto aliyejifunza kuandika juzi, halipo tena. Humu nitamwita Asali. Jina lake la kweli ni lake.

Leo naandika kwa nini. Nimemwomba ruhusa. Amesema niandike, atasoma, na atakachofuta kimefutika.

Basi nianze na hadithi ambayo nimeisimulia mara nyingi kuliko zote maishani mwangu, hadithi ya jinsi tulivyokutana.

Mimi ni Mnubi wa Kibera, Nairobi. Babu wa babu zetu waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari wa Mwingereza, wengine wakabaki Kenya, wengine huku Uganda, na tangu hapo tunaoana kuvuka mpaka. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza ufundi wa simu Nairobi, kisha nikaja Kampala. Mwaka jana, siku ya jua kali, alikuja msichana mezani kwetu na simu iliyopasuka kioo. Nikamwambia aiache, arudi saa kumi. Akasema hapana, nitangoja. Nikamwambia itachukua muda. Akasema, "Mimi niko hapa tu, fundi. Endelea." Nikampa stuli. Akakataa stuli. Alisimama mbele yangu saa mbili nzima, macho kwenye mikono yangu, hajasogea hata kwenda kununua maji.

Waswa alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Banange! Huyu nyabo hapana toka leo? Mletee kitanda!"

Nami nikajua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimulia: nikajua! Mwanamke hasimami juani saa mbili kwa ajili ya kioo cha simu. Alikuwa amenipenda. Nimeisimulia hadithi hiyo kwa mama yangu, kwa wajomba waliokwenda kupeleka posa, kwa mshereheshaji wa harusi aliyeirudia kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Niliiandika hapa mara mbili.

Asali alikuwa akiisikiliza na kuinamisha macho. Nikasema ni haya ya biharusi. Niliandika pia kuhusu hiyo haya, aya tatu, nikaisifu.

Sasa Jumatano.

Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, Asali alirudi kulala kidogo. Jua lilipotoka lilipita kwenye tundu la pazia likamwangukia shavuni. Shuka ilikuwa imefika shingoni, mkono mmoja nje, hina ya harusi imebaki rangi ya machungwa kwenye ncha za vidole. Nilisimama na kikombe cha chai nikashindwa kunywa. Nikampiga picha. Nikaiweka kwenye stetasi yangu ya Watsapu na maneno haya: "Malaika wangu bado yuko ndotoni. Kaka zangu, oeni!" Nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Haikupita saa moja binamu yake akamwandikia: "Umependeza! Ona shemeji anavyokutazama."

Alinipigia simu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Rudi nyumbani, Fundi." Ananiita Fundi hadi leo, na mimi naipenda kuliko jina langu. Lakini Jumatano aliitamka kwa sauti ya mteja.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda amevaa buibui jeusi, mtandio umefungwa kidevuni, ndani ya nyumba yake mwenyewe, dirisha limefungwa na joto limejaa chumba. Akanyoosha mkono. "Nipe nione."

Nikadhani anataka kuiona picha. Hakuitaka picha. Alitaka orodha ya walioitazama. Akaanza kusoma majina, moja baada ya jingine, kutoka juu hadi chini, polepole, kwa sauti. Wateja. Wauza vipuri. Wenye nyumba wa zamani. Mafundi wa Nairobi. Alipofika kwenye namba isiyo na jina alisimama. "Huyu nani?" Sikujua. "Na huyu?" Sikujua. Ninaweka namba ya kila mteja, shajara yangu. Sijui nusu yao ni nani.

Nikaifuta pale pale, nikamwambia nimeshaifuta, yamekwisha. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto akimimina maji kwenye kikapu.

"Kazi yako ni nini?" aliniuliza.

Watu huja mezani kwangu wakilia kwamba wamefuta picha za marehemu mama yao, na mimi huzirudisha. Kufuta! Mimi, kati ya watu wote, nilimwambia mke wangu kwamba nimefuta.

Halafu nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nilikasirika. Niliona aibu, na aibu yangu ikatoka na meno. Nikasema ni picha ya uso tu, shuka ilikuwa shingoni, kuna nini hapo? Nikasema kila mtu Kampala anaweka mke wake. Nikasema, "Mimi ni mumeo!"

Akajibu taratibu, "Ndiyo. Na mimi nilikuwa nimelala."

Akachukua mkoba. Akasema anakwenda kwa shangazi yake Kalerwe, nisimfuate siku hiyo. Mlango aliufunga bila kuubamiza. Nilisikia ndala zake zikishuka ngazi mpaka zikaisha, nikabaki na kikombe chake cha chai kikiwa bado kimefunikwa na sahani.

Wiki ya saba.

Jumatano usiku na Alhamisi sitaki kuzieleza. Nilitengeneza simu sita na kuharibu mbili. Ijumaa baada ya sala nilinunua sukari, majani ya chai na sabuni nikaenda Kalerwe. Kwetu bwana harusi haingii ukweni kama paka. Unasimama nje, unatoa salamu, unangoja uitwe. Nilisimama. Shangazi alikuwa barazani amekaa mkekani akisuka kawa, zile za Kinubi za kufunikia chakula, nyuzi nyekundu na kijani na zambarau zikiwa zimetapakaa miguuni. Wote wanamwita Hajati. Alinijibu salamu, kisha akasuka raundi mbili nzima kabla ya kuniambia nikae.

"Sukari ya nini? Nani amekufa?" akasema.

"Hakuna, Hajati."

"Basi usiniletee uso wa msiba."

Akaendelea kusuka. Kisha akaniuliza kama nakumbuka siku ya hina. Nakumbuka vizuri, nilisema. Kabla ya wanawake kuingia chumbani kwa biharusi, Hajati mwenyewe alisimama mlangoni na sinia kubwa, kila mmoja akaweka simu yake humo, mabibi kwa wasichana, hata mpambaji aliyelipwa. Kisha akalifunika sinia kwa kawa, akakalia kiti mbele yake kama askari wa benki. Mimi na wenzangu tulikuwa uani tukacheka. Nilisema, ona mila yetu ilivyo nzuri! Niliandika hapa pia. "Mila ya Wanubi ya kufunika simu," niliiita.

Hajati aliitikia kwa kichwa. "Hiyo si mila ya Wanubi, mwanangu. Bibi yangu aliiona simu wapi? Hiyo ni mila ya mtoto wangu huyu mmoja. Niliianzisha siku ile."

Nikauliza kwa nini.

"Kilichobaki si changu," akasema. "Atasema mwenyewe, au hatasema. Na wewe utakula chakula chake vilevile."

Asali alitoka ndani. Alikuwa amesikia yote. Akakaa upande wa pili wa mkeka, akachukua kawa iliyoanzwa, akaanza kusuka, na alisimulia bila kuniangalia, macho kwenye uzi. Nitaandika yale aliyoniruhusu.

Miaka minne iliyopita alikuwa na miaka ishirini na miwili, anauza vitambaa dukani. Siku moja alijifunga gurbaba mpya, vazi letu la wanawake, akajitazama kwenye kioo, akajiona mzuri. Akajipiga picha. Kisha akajipiga nyingine, na nyingine, nyingine bila nguo zote, peke yake, mlango umefungwa. Hakumtumia mtu. Hakukuwa na mtu. Zilikuwa zake, kama vile mtu anavyoimba akiwa anaoga.

Baada ya wiki chache simu ikaacha kuchaji. Akaipeleka kwa fundi. Si meza yetu, mahali pengine mjini. Fundi akamwomba namba ya siri ili ajaribu simu akimaliza. Kila fundi huomba. Akampa, akaenda zake kazini, akarudi jioni, simu inachaji vizuri, akashukuru.

[Hapa palikuwa na aya nne. Asali amezifuta. Hazirudi.]

Watu husema picha za fulani "zimevuja", kama bati bovu, kama mvua imefanya. Hazikuvuja. Mtu alikaa kwenye stuli kama yangu, na bisibisi kama zangu, akafungua mlango aliopewa ufunguo kwa ajili ya kazi nyingine, akaiba. Halafu akagawa. Halafu waliogawiwa wakagawa.

Duka la vitambaa likamwambia asije tena kwa sababu wateja wanaongea. Askari kituoni alimwuliza kwa nini alijipiga picha. Akataka azione, eti ushahidi. Rafiki aliyekuwa akila naye sahani moja alimwambia, "Lakini na wewe, bambi, masikini, ulitaka nini?" Hakuna aliyemwuliza fundi alitaka nini.

Alikuja kuishi kwa Hajati. Miezi mingi hakutoka nje. Alibadilisha namba, akakata nywele, na akaacha kuimba, jambo ambalo Hajati aliliingiza yeye mwenyewe hapo katikati, akisema, "Alikuwa anaimba mpaka majirani wanachoka." Hadi leo Asali akiingia mahali huhesabu wanaume walioshika simu wima. Mtu akicheka nyuma yake akitazama simu, yeye huvuka barabara. Akikutana na mgeni akamtazama sekunde moja zaidi, anajiuliza: huyu ameniona? Na hiyo, alisema, ndiyo haina mwisho. Aliyeibiwa mkoba anajua mkoba umekwenda. Yeye hajui zimefika wapi, wala leo nani anazifungua kwa mara ya kwanza. Kwake ni miaka minne. Kwa huyo mtu ni leo.

Kisha akaniambia, bado anasuka: "Nilisimama saa mbili kwenye meza yako kwa sababu nilikuwa naogopa mikono yako."

Shajara yangu, hadithi yangu yote ya mapenzi ilikaa pale mkekani kati ya nyuzi, na ilikuwa ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeisimulia kwenye kipaza sauti. Watu walipiga vigelegele.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwomba radhi kwa stetasi, kulia kidogo, kumrudisha nyumbani. Hajati alikuwa ameanza kulainika. Lakini nilikuwa na neno langu, na nilijua nikilimeza leo nitalimeza kila siku nitakapokula chakula chake. Nikasema.

Nilipokuwa najifunza kazi Nairobi, zamani, kabla sijamjua, fundi mwenzangu aliniita. "Kuja uone." Alikuwa na simu ya mteja. Nikaenda. Kulikuwa na mwanamke. Nilitazama. Nilicheka kwa sababu mwenzangu alicheka. Sikumtumia mtu, sikuhifadhi, na kwa miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa mtu msafi kwa sababu sikuhifadhi. Jioni mwenye simu alikuja, nikamrudishia mimi kwa mkono wangu, nikamwambia karibu tena.

Mikono ya Asali ilisimama. Ya Hajati pia.

Nilisikia mtu akigombana na muuza nyanya sokoni kule chini, nikasikia maji yakichemka ndani. Nilikuwa nangoja aseme ondoka. Nilistahili kuambiwa ondoka.

Aliuliza, "Unakumbuka nini?"

Sikuelewa.

"Kwenye hiyo picha. Nyuma yake. Kulikuwa na nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa sijawahi kuifikiria nyuma yake. "Pazia," nikasema. "La maua ya njano."

Akavuta pumzi, akaitoa. "Langu lilikuwa la buluu."

Tarehe hazikukutana hata kidogo, na nchi ni mbili, anajua hilo. Lakini picha haihitaji pasipoti, na yeye huuliza, ndani kwa ndani, kila mtu. Mimi pia ilibidi aniulize. Mume wake.

Kisha akasema neno ambalo nimeamka nalo asubuhi zote mbili tangu Ijumaa: "Basi kuna mwanamke Nairobi mwenye pazia la njano. Hakujui. Lakini wewe unamjua."

Nililia. Si machozi ya kupendeza ya kwenye harusi. Hajati alinitupia kipande cha kitambaa bila kuniangalia, akasema, "Futa, unalowesha nyuzi zangu."

Sikumwomba Asali arudi. Nilimwambia meza yangu itabadilika Jumamosi asubuhi, arudi asirudi. Nikaaga, nikaondoka.

Niliporudi nyumbani niliitazama kazi yangu kwa macho mapya, na niliyoyaona sikuyapenda. Mteja akiacha simu, tunaandika namba yake ya siri kwenye kipande cha utepe, tunaibandika mgongoni mwa simu. Tumefanya hivyo siku zote. Kwa siku moja mezani kwetu kuna simu kumi na mbili zimelala chali, na kila moja imebeba ufunguo wake mgongoni, yeyote apitaye asome. Na simu yenyewe, ukibadilisha kioo, ukibadilisha mfumo wa chaji, haihitaji kufunguliwa ndani. Mguso wa kioo unaujaribu hata simu ikiwa imefungwa. Kwa nini tunaomba? Kwa sababu tulifundishwa kuomba. Kwa sababu ni rahisi. Kwa sababu mteja hutoa.

Jumamosi nilibandua tepe zote. Nikamwendea seremala wa mtaa wa nyuma nikachukua benchi refu, la watu watatu, nikaliweka mbele ya meza upande wa kivuli. Nikachukua kadibodi nikaandika kwa kalamu nene: KAA UNGOJE. NAMBA YAKO USIMPE FUNDI. Waswa aliisoma, akaizunguka, akaisoma tena.

"Sasa wewe umetuita wezi?"

"Nimejiita mimi," nikamwambia.

"Na kama mtu hapana nafasi ya kukaa?"

"Aizime simu, aiache, aondoke na namba yake kichwani. Akirudi tutaijaribu pamoja."

Alinung'unika mpaka saa sita. Alisema wateja watakimbilia mafundi wa Kabalagala. Saa saba akaja mama mmoja wa makamo na binti yake, binti ameshika simu kifuani kama anayeficha kidonda. Akasoma kadibodi. Akamwangalia mama yake. Wakakaa. Waswa aliwatazama kwa muda, halafu nikamwona akigeuza simu aliyokuwa nayo, akibandua utepe kwa ukucha, na kuufinyanga kuwa kidonge. Sijamwuliza amewahi kuona mapazia mangapi. Sina kiti cha hakimu.

Saa tisa niliinua kichwa, Asali alikuwa amekaa kwenye benchi.

Sijui alifika lini. Mkoba wake uko magotini, mtandio wa kijani. Mbele yake simu zimelala bila tepe. Alikaa, mara hii alikaa, akatazama mikono yangu hadi nilipomaliza kioo cha yule binti, na binti akaandika namba yake mwenyewe, nami nikageuka kutazama barabara.

Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi, aliniuliza kama nakumbuka kwamba siku ile ya kwanza nilifanya hivyo pia. Alikuwa amekataa kunitajia namba, nami nikamwambia aandike mwenyewe, nikageuza uso. Alisema katika miaka yote hiyo sikuwa wa kwanza kumrekebishia simu, lakini nilikuwa wa kwanza kugeuka.

Ilibidi niseme ukweli, sasa nimezoea. Sikugeuka kwa sababu ya uadilifu. Namba za wengine wote siku hiyo zilikuwa kwenye tepe. Niligeuka kwa sababu alikuwa mzuri mno na nilikuwa naona haya.

"Najua," akasema. "Ulikuwa unatoka jasho puani."

Na akacheka! Ya Allah, alicheka, katikati ya barabara, bodaboda zinatupigia honi, na mimi sikuwa na simu mkononi, na hakuna picha, na hakuna mtu duniani atakayeuona uso ule jinsi ulivyokuwa isipokuwa mimi. Sikujua kama ningeweza kuwa tajiri namna hiyo.

Sitasema yamekwisha. Jana aliniambia kuna siku zitakuja ambapo atavaa buibui ndani ya nyumba bila mimi kufanya kosa lolote, na kwamba siku hizo nisimwulize nimefanya nini, nimletee tu chai. Ameniambia pia picha za harusi zimkae yeye, zote, na atanionyesha akitaka. Nimempa. Nimewapigia walioitazama ile stetasi, wale ninaowajua, mmoja mmoja, nikawaomba kama waliihifadhi waifute, na sikusema kwa nini. Wengine walicheka. Wacha wacheke. Kuna namba saba ambazo hazina jina, na hizo nitaishi nazo, kwa kuwa yeye anaishi na nyingi zaidi.

Najiuliza kitu kimoja tu. Yule wa pazia la njano. Kama bado huhesabu wanaume walioshika simu. Kama aliacha kuimba. Siwezi kumtafuta, maana kumtafuta ni kumtazama mara ya pili. Ninachoweza ni benchi.

Nimefika hapa, Asali ametoka jikoni akifuta mikono, amesimama nyuma yangu anasoma. Anasoma polepole kama alivyosoma yale majina. Amefuta zile aya nne. Amefuta pia sentensi moja niliyomsifia shingo. Nimelalamika kidogo. Amefika kwenye hadithi ya saa mbili, akaisoma tena tangu mwanzo.

Kisha akasema niongeze kitu ambacho sikujua.

Siku ya kwanza alisimama kwa woga, amesema, na hiyo niiandike kama ilivyo. Lakini wiki iliyofuata alirudi. Nakumbuka alirudi, alisema chaja haiingii sawasawa. Niliisafisha kwa brashi, nikaipuliza, ikaingia, nikakataa kumtoza.

"Ile chaja ilikuwa mpya, Fundi," amesema. "Haikuwa na shida."

Katogo iko tayari. Mvua imekatika na mwadhini anajaribu kipaza sauti. Kesho ni Jumatatu, nafungua saa mbili asubuhi, benchi nitalitoa mimi mwenyewe kabla Waswa hajafika. Asali amesema huenda akapita mchana. Anasema simu yake inasumbua.

Nimeikagua. Haina shida yoyote.